Saa Nne Hadi Saa Tano

Siku hizi situlii. Nikiketi nainuka, nikiinuka nakuta sina ninakokwenda. Mume wangu, ambaye hajawahi kuacha nafasi ya kunitania impite, anasema labda nimekalia siafu. Mwache aseme. Kwa miaka mingi nilitulia mno, na utulivu wenyewe ndio ulioniponza.

Mimi ni mkulima wa chai na ndizi, si mbali na soko la Ekerenyo. Ni mtu wa Sabato tangu nilipobatizwa mtoni nikiwa msichana, katika maji baridi yaliyonifanya ning'ate meno. Kanisani naitwa Mwalimu kwa sababu nafundisha darasa la lesoni, somo la Biblia la kila juma, na kabla ya mambo haya nilikuwa pia kiongozi wa maombi. Mtu akiugua, walikuja kwangu. Mtoto akienda kufanya mtihani, kwangu. Kuna mzee alikuja kwa sababu ng'ombe wake amekataa kusimama baada ya kuzaa, na nikaenda nikamwombea ng'ombe, tena kwa sauti ya juu. Maneno hayakuwahi kunipungukia, kwa Kikisii au kwa Kiswahili. Nikianza tu "Baba mwenye rehema, tunainama mbele zako," yaliyobaki yalijipanga yenyewe, na mimi ningeweza kuendelea huku nikiwaza ni mistari mingapi ya chai imebaki bila kuchumwa.

Sisemi mzaha. Niliwaza hivyo kweli. Mume wangu alishajua ombi langu la chakula hadi akawa analitamka pamoja nami bila sauti, midomo ikicheza, halafu ananyakua ugali kabla sijamaliza Amina. Lesoni, ambayo mtu anapaswa kujifunza kila siku ya juma, niliisoma asubuhi ya Sabato chai ikichemka. Karani wa darasa akiuliza nani amejifunza siku zote saba, mkono wangu ulikuwa wa kwanza hewani. Ningeuachaje chini? Mimi si ndiye mwalimu?

Sasa kuna jirani yangu. Shamba lake na langu yanatenganishwa na mstari mmoja wa migomba. Tuliolewa kwenye kilima hiki mwaka mmoja, tumezaa pamoja na tumezika pamoja. Yeye hana cheo chochote kanisani, lakini ana sauti. Kanisa letu halina kinanda. Yeye ndiye huanzisha wimbo, na akishauanzisha hakuna anayepotea, hata wale wazee wa nyuma ambao huimba kama wanagombana. Kwa miaka mitatu alikuwa na rovu, uvimbe shingoni, akiuficha kwa kitambaa. Mwaka jana daktari mmoja mjini Kisii akamwambia uvimbe umeanza kubana njia ya hewa, lazima utolewe. Akamwonya pia kwamba mshipa wa sauti unapita karibu sana na pale watakapokata, na kuna wanaoamka sauti ikiwa imepotea.

Alikuja kuniambia jikoni kwangu. Alikataa chai, na yeye si mtu wa kukataa chai.

"Mwalimu," akasema, "kufa siogopi sana. Naogopa kuamka bila sauti."

Nikamshika mkono. "Dada, siku hiyo hutakuwa peke yako hata dakika moja."

Hayo ni maneno yangu. Hakuna aliyenilazimisha kuyasema.

Nikapanga mnyororo wa maombi. Tuna grupu la wasapu la akina mama wa kanisa, na utaratibu wetu ni rahisi: kila mmoja anachagua saa yake, anaomba saa nzima, akimaliza anaandika "Nimemaliza" na kuweka vile vikono viwili vilivyokutana, ili anayefuata ajue zamu ni yake. Kutoka alfajiri hadi jioni kamba isikatike. Upasuaji ulipangiwa saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi. Wengine walichagua saa za pembeni. Mimi nikaandika: saa nne hadi saa tano, Mwalimu. Wakaitikia Amina, Amina, Amina, hadi simu ikawa moto. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahia.

Alhamisi ikafika. Saa tatu kasoro nikapata habari kwamba lori la majani litapita mapema, kwa hiyo nikabeba nilichokuwa nimechuma tangu alfajiri nikakimbia kituo cha kupimia chai. Nilijiambia nitapima upesi, nirudi, nipige magoti. Karani wa kituo akatia mkono ndani ya gunia langu, akatoa jani moja, akalikunja, likavunjika badala ya kupinda.

"Mama, haya yamekomaa. Chambua."

Yamekomaa! Majani mawili na chipukizi, nimeyachuma kwa vidole vyangu hivi, mtu ananiambia yamekomaa! Nikamwambia macho yake ndiyo yaliyokomaa. Watu wakacheka, na mimi watu wakicheka huwa siachi hapo. Tukabishana. Nikamwaga gunia lote sakafuni, nikapiga magoti, ndiyo, magoti, nikachambua jani moja moja huku nikimpa maneno yake, na yeye akinijibu, hadi lori likaja likapakia. Nilishinda. Alikataa kidogo tu. Nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Simu nilikuwa nimeiacha mezani. Nilipoishika ilikuwa karibu saa sita. Kulikuwa na ujumbe wa dada mmoja, mwalimu wa shule kule Sironga, aliyekuwa na saa tano: "Mwalimu, umemaliza? Mimi nimeanza."

Ndipo nikakumbuka. Kisha, na hapa ndipo ninapotaka uniangalie vizuri, sikusita hata kidogo. Kidole changu kiliandika "Nimemaliza. Bwana ni mwema," nikaweka vikono viwili. Amina zikaanza kumiminika. Nikajiambia nitailipa saa hiyo sasa hivi, kwani Mungu anafungwa na saa? Nikaanza kumenya ndizi za mchana kwanza, ili nikiomba niombe kwa utulivu. Ndizi zikaiva, tukala, nikalala kidogo. Sikuomba siku hiyo hata sentensi moja.

Jirani yangu alirudi baada ya siku chache na plasta shingoni. Rovu lilikuwa limeondoka, shingo nyembamba kama ya msichana. Nikaingia kwake na mkungu wa ndizi begani na furaha yangu yote. Akafungua mdomo kunisalimu, na kilichotoka ni pumzi. Pumzi tu, na maneno ndani yake kwa mbali. Ilibidi niiname.

Akaninong'oneza kila kitu. Walikuwa wamemlaza kwenye machela akisubiri, akitetemeka hadi machela ikawa inalia. Akaona saa ya ukutani. Ilikuwa inagonga saa nne. "Nikasema, sasa Mwalimu amepiga magoti. Na woga ukaniacha papo hapo. Nilisikia kabisa kama umenishika mkono." Akanishika mkono. "Sauti daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Lakini nimeamka. Ni saa yako hiyo, Mwalimu."

Nilikuwa na chai mdomoni. Sikumbuki kama niliimeza.

Basi amani yangu ikaishia hapo. Nikawa mtu wa kuzunguka. Nilimchumia jirani chai yake kabla ya yangu. Nilimfulia nguo na kumchotea maji. Kadiri nilivyomfanyia ndivyo alivyonisifu kwa kila aliyekuja kumwona, kwa ule mnong'ono wake, na kila sifa iliniingia kama mwiba. Mume wangu alinitazama siku moja nikitoka na jembe kwenda kulima kwa jirani.

"Huyu mama umemkosea nini?" akauliza.

"Kwani mtu hawezi kumsaidia jirani?"

"Anaweza. Wewe ulikuwa hujawahi."

Nilimfokea mpaka kuku wakakimbia. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, maana alikuwa amesema kweli tupu.

Lesoni ya juma hilo, kwa bahati mbaya yangu, ilikuwa juu ya wale wanafunzi waliolala bustanini Bwana wao akiwa katika dhiki. Nilifundisha vizuri kama kawaida. Nikawalaumu wanafunzi wale kwa ukali kidogo. Bibi mmoja mzee, ambaye husikia nusu na kuelewa yote, akasema, "Hao walilala kwa huzuni, Mwalimu. Mimi nawaonea huruma. Ninaowaogopa ni wale waliokuwa macho wakishughulika na mambo yao." Darasa likaguna. Mimi nikatazama saa nikasema muda umetuishia, na haukuwa umeisha.

Juma lililofuata mzee wa kanisa akapita nyumbani. Akasema Sabato hii kutakuwa na ushuhuda. Jirani yangu atasimama mbele, na kwa kuwa hana sauti, mimi nitasema kwa niaba yake: jinsi mnyororo ulivyofanya kazi, jinsi saa ile ilivyokuwa. "Kanisa limepoa," akasema. "Watu wanahitaji kuamshwa." Nikamwambia sawa, Mzee. Alipotoka nikagundua nimeshika mlango kwa mikono miwili.

Ijumaa alasiri ni wakati wa maandalizi. Kila nyumba inapika na kufagia kabla jua halijazama na Sabato kuanza. Mimi niliacha sufuria motoni nikavuka migomba. Nilimkuta ameketi nje, ungo mapajani, akitoa majani ya mboga ya chinsaga kwenye vijiti vyake. Sikuketi.

"Dada, ile saa sikuomba."

Aliendelea kuchambua mboga.

"Nilikuwa kituoni nikigombana na karani juu ya majani. Nikasahau. Nikarudi nikaandika nimemaliza. Hata baadaye sikuomba."

Mkono ukasimama. "Saa nzima?"

"Saa nzima."

Akaweka ungo chini, akainuka. Nilijua anachotaka, maana nimeishi naye miaka yote hii na namjua akikasirika: alitaka kunigombeza hadi ng'ambo ya pili ya mto wasikie. Akafungua mdomo. Misuli ya shingo ikasimama, kile kidonda kipya kikawa chekundu, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Hewa tu. Machozi yakamtoka kwa hasira, akajishika koo. Woi, heri angenipiga! Heri angechukua mwiko jikoni na kunipasua kichwa. Kumwona mtu anataka kukukemea na hawezi, na wewe ndiye uliyemwacha!

Alipopata pumzi akaninong'oneza, na ilibidi niiname tena ili nisikie lawama zangu mwenyewe.

"Na wa saa tano je? Na wa saa tatu? Wote waliandika nimemaliza. Sasa nitajuaje?"

Hilo sikuwa nimeliwaza hata mara moja. Nilidhani uongo wangu ni wangu peke yangu.

"Nenda nyumbani," akasema. "Jua linazama."

Kesho yake aliketi upande wa pili wa kanisa. Mzee akaita ushuhuda. Yeye hakusimama. Mimi nikasimama, nikashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, jirani yangu alipokuwa chini ya kisu, saa yangu ya kumwombea ilifika, na mimi sikuomba."

"Amina!" kanisa likaitikia.

Loo! Kwa nguvu, kwa furaha, kama ninavyoitikia mimi siku zote. Nikawatazama nyuso zile nzuri, nguo za Sabato, watoto waliopakwa mafuta. Hakuna aliyesikia.

"Nasema sikuomba! Niliandika nimemaliza na nilikuwa nimedanganya."

"Ami..." wengine wakaanza, ikakatikia njiani. Wawili watatu wa nyuma wakaimalizia. Kisha kimya kikaja polepole, benchi moja baada ya lingine, hadi nikasikia bati likilia kwa jua. Mzee wa kanisa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nikarudisha kipaza sauti nikaketi.

Baada ya ibada mama mmoja akanijia kunipongeza kwa unyenyekevu. Unyenyekevu! Nilimwambia anipishe njia. Yule mwalimu wa Sironga naye akanivuta kando, macho mekundu, akasema yeye aliomba dakika kumi hivi, halafu akasahihisha madaftari ya wanafunzi. "Usiniambie mimi," nikamwambia. "Mwenye shingo yuko pale." Akamtazama jirani yangu kwa mbali. Sijui kama alikwenda.

Mzee alinipumzisha uongozi wa maombi na nikamshukuru. Nilidhani nikishasema ukweli nitapata amani. Sikupata. Nilipopiga magoti nikaanza "Baba mwenye rehema," nilisimama hapo hapo, kwa maana kwa mara ya kwanza nilijiuliza nazungumza na nani, na kama yupo, amenisikiliza miaka yote hii akiwaza nini. Niliogopa. Mtu aliyeombea hata ng'ombe za watu akawa hajui pa kuanzia. Nilianza mle shambani mwa chai, nikaanza jikoni, nikaanza njiani; kote nilikatika baada ya maneno matatu. Nilimpelekea jirani kikapu cha mboga. Kwetu kikapu hakirudi kitupu, hata kama ni kwa kutiliwa ndizi moja au konzi ya mahindi. Changu kilirudi kitupu, kimeachwa mlangoni, na sikumwona aliyekileta.

Wiki tatu zikapita hivyo. Halafu asubuhi moja akasimama mwenyewe kati ya migomba akinipungia mkono. Nikakimbia.

"Jumatatu narudi Kisii," akanong'ona. "Watapitisha kamera kooni waone kama mshipa unacheza. Sikuweka kwa grupu."

"Sawa."

"Sitaki mtu aniandikie kitu. Utakuja wewe. Nikuone kwa macho yangu."

Jumatatu saa nne tulikuwa kwenye korido ya hospitali, foleni ndefu, mabenchi pande zote mbili. Akapata nafasi kwenye benchi karibu na mlango wa daktari. Akaniangalia, akaonyesha sakafu kwa kidole.

"Hapa?" nikauliza.

"Hapa."

Mimi ni mtu wa kuomba mbele za watu. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Lakini kanisani watu huwa wameinamisha vichwa. Hapa walikuwa wananitazama, mtu na chupa yake ya damu, mtu na mtoto wake analia. Nikapiga magoti kwenye saruji.

"Fumba macho ukitaka," akaninong'oneza. "Mimi sifumbi yangu."

Nikafumba. Yale maneno ya zamani yakaja mbio, nikayaacha yapite. Yalipokwisha sikubaki na kitu. Nikasema, "Mungu, sauti yake." Nikakaa. "Mungu, sauti yake." Mawazo yakanitoka yakaenda kwenye gunia la majani, nikayakamata, nikarudi. Yakaenda kwa yule mama wa unyenyekevu, nikarudi. Nadhani nilirudi mara mia. Mama wa usafi akafika na ufagio wake wa maji akasema, "Mama, sogeza mguu," nikasogeza, akapiga deki kunizunguka, maji yakaniingia kwenye sketi. Mara kadhaa nilifungua macho kwa ujanja kuangalia kama bado ananitazama. Kila mara nilimkuta ananitazama, hacheki, hakasiriki, kama mtu anayechunga maziwa motoni.

Walimwita ilipokaribia saa tano. Sikuinuka. Alikaa ndani muda, mlango ukafunguka, akatoka akijifuta mdomo kwa leso.

"Upande mmoja unacheza," akanong'ona. "Wa pili haujaanza. Amesema tungoje miezi, huenda ukaanza, huenda usianze."

Nilitaka kusema kitu cha kufariji. Kilikuwa pale pale mdomoni, tayari, kitamu. Nikakimeza.

Akasimama juu yangu na begi lake.

"Hukuinuka?"

"Sikuinuka."

"Magoti yanauma?"

"Yanauma sana, dada."

"Vizuri," akasema, akanipa mkono niinuke.